Difu ya mtumba: jina lake liko kwenye chuma, si mdomoni mwa muuzaji

Na Mwandishi Maalumu, Mabanda

MASIKA ya mwaka 2023 yalitukuta mlimani, nje kidogo ya Mabanda, tukiwa na Hilux iliyobeba chumvi ya Uvinza na katoni za sabuni kutoka upande wa Manyovu. Tairi moja ya nyuma ilikuwa imeingia mferejini na kubaki inaning'inia. Nyingine ilikuwa imekaa imara kwenye changarawe. Shemeji yangu, ambaye ndiye dereva na mwenzangu katika biashara hiyo, alikanyaga mafuta. Ile inayoning'inia ikazunguka kama feni, na ile ya kwenye changarawe haikusogea hata kidogo.

Tuliduwaa. Miezi miwili kabla tulikuwa tumelipa shilingi 600,000 za Tanzania kununua difu ya mtumba ambayo kazi yake ni kuzuia jambo hilo hilo lisitokee. Mafundi wengi huiita LSD, nasi hapa tutaiita difu ya kubana.

"Mwalimu, tumepigwa," alisema shemeji.

Tulishusha mizigo kwenye mvua, tukasukumwa na vijana wa pale kijijini, tukafika nyumbani usiku wa manane. Siku iliyofuata fundi alisikiliza kisa chetu na kutoa hukumu bila kufungua kitu: pleti za ndani zimekwisha, zinunuliwe mpya. Kwa kuwa muuzaji alituambia kuwa difu ile ni TRD ya Japani, tukaagiza pleti za TRD kupitia mfanyabiashara mmoja anayeleta spea kutoka Dubai. Shilingi 450,000 nyingine zikaondoka. Fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya bati za nyumba, maana sisi tuliorejea kutoka Tanzania wengi wetu tulianza na kiwanja kitupu.

Pleti zilipofika, fundi aliishusha difu na kuifungua. Akaniita. Ndani hamkuwa na pleti hata moja, wala mahali pa kuziweka. Kulikuwa na gia nene zilizokatwa mshazari, zimelala kwenye mashimo yake, nzima kabisa. Tulipoosha kasha kwa mafuta ya taa na kupaka chaki juu ya chuma, yakajitokeza maandishi: Eaton, na chini yake namba ya bidhaa. Ilikuwa Truetrac, difu ya kampuni ya Kimarekani. Haikuwa mbovu. Tulikuwa tumeinunua kwa jina lisilo lake, tukaitia oili isiyo yake, tukaiendesha isivyotakiwa, na mwisho tukainunulia dawa ya ugonjwa isiokuwa nao.

Aliyetuletea pleti hakuwa na kosa. Alileta kile tulichoagiza. Kosa lilikuwa letu, na ndilo linalonifanya niandike makala haya kwa wenzangu wanaovuka mpaka kutafuta spea.

Kwa nini jina lina uzito

Difu ya kawaida hugawa nguvu ya injini sawa kwa sawa kati ya tairi mbili za ekseli moja. Faida yake huonekana kwenye kona, kwa kuwa tairi ya nje hupata nafasi ya kuzunguka zaidi ya ile ya ndani. Ubaya wake huonekana kwenye tope. Tairi iliyo kwenye utelezi huhitaji nguvu ndogo tu kuzunguka, na kwa sababu mgao ni sawa, ile iliyo kwenye nchi kavu nayo hupata hiyo hiyo ndogo. Gari linabaki pale pale.

Difu ya kubana huondoa tatizo hilo kwa njia mbalimbali. Baadhi ya magari hutoka nayo kiwandani. Nyingine hutengenezwa na kampuni zisizo za gari lenyewe, zikauzwa kwa wenye mbio za magari, wakulima na wasafiri wa njia mbovu. Gari hilo likizeeka Japani, Australia au Ughaibuni kwingine, hukatwa vipande, na difu hiyo ikafika kwenye masoko yetu ikiwa imefunikwa na oili iliyoganda, haina karatasi wala boksi.

Hapo ndipo jina linapohitajika. Kila kampuni ina pleti zake, springi zake na vipimo vyake, na za huyu haziingii kwa yule hata kama gari ni lile lile. Oili nayo hutofautiana. Difu ya pleti huhitaji oili iliyoandikwa kuwa ni ya LSD, au kiongezi maalumu, la sivyo pleti hunata na kupiga kelele kwenye kona. Kwa upande mwingine, Eaton inaelekeza kwamba Truetrac itiwe oili ya kawaida ya madini, isitiwe kiongezi hicho, kwa sababu inafanya kazi kwa msuguano wa gia zenyewe na kiongezi huupunguza. Sisi tulimwaga chupa nzima ya kiongezi tukidhani tunaitunza.

Hatua ya kwanza: osha, kisha soma

Rangi si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kupaka kasha rangi ya buluu au nyekundu. Stika nayo si ushahidi. Hata nembo ya Toyota kwenye kichwa cha nje cha difu haikuambii lolote kuhusu kilichomo ndani, kwa sababu difu za kampuni nyingine hufungwa ndani ya kichwa hicho hicho cha Toyota. Sisi tulinunua kichwa kizima, na ndiyo maana fundi alikifunga bila kuona kilichomo.

Omba kifunguliwe, au angalau kisafishwe mpaka kasha la ndani lionekane. Tumia mafuta ya taa, kitambaa na mswaki wa kawaida. Usitumie brashi ya waya wala msasa, maana maandishi mengi yamechorwa kwa kina kidogo tu na hufutika. Kisha tafuta sehemu hizi: ukingo wa duara inapofungwa krauni, nafasi kati ya bolti na bolti, uso wa mfuniko wa kasha, na karibu na mahali beringi inapokaa. Ukiona mikwaruzo inayofanana na herufi, sugua chaki juu yake halafu pitisha kitambaa kwa wepesi. Chaki hubaki kwenye michoro na maandishi husomeka. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele, ndipo upige picha.

Tofautisha namba za aina mbili. Namba zilizovimba juu ya chuma zimetoka kwenye kalibu wakati chuma kinamiminwa, na mara nyingi ni za kiwanda cha kusubu, si za bidhaa. Namba zilizochimbwa au kuchorwa baada ya chuma kulainishwa ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa namba ya bidhaa au ya mfululizo. Andika zote, lakini zile zilizochorwa ndizo za kulinganisha na orodha ya kampuni. Kwa mfano, ARB ya Australia hutambulisha difu loki zake za upepo kwa namba zinazoanza na herufi RD.

Hatua ya pili: tazama tumbo lake

Kama maandishi yamefutika, umbo la ndani litakuambia ukoo, na ukoo utapunguza majina. Pitisha mwanga wa tochi kwenye tundu la ekseli na kwenye madirisha ya kasha.

Ukoo wa kwanza ni wa pleti. Utaona tabaka za sahani nyembamba za chuma, kama sarafu zilizopangwa, nusu zimeshikwa na kasha kwa masikio ya nje na nusu zimeshikwa na gia kwa meno ya ndani. Hapa ndipo wamo wengi wa Kijapani: Cusco, Kaaz, OS Giken, TRD na Nismo. Kati yao tazama springi. Cusco, kwa mfano, ina aina iitwayo RS yenye springi ndogo za koili katikati, na ina aina nyingine inayotumia springi bapa zilizobinuka kama sahani ya chakula. Tazama pia tundu ambamo ekseli ndogo ya gia za kati inakaa. Tundu lenye umbo la almasi, mishazari sawa pande zote mbili, ni la difu inayobana unapokanyaga mafuta na unapoachia. Lenye mshazari upande mmoja na upande wa pili umenyooka hubana wakati wa kukanyaga mafuta tu. Hesabu pleti na chora umbo la masikio yake kwenye karatasi, kwa kuwa mchoro huo ndio utakaokuokoa siku ya kuagiza.

Ukoo wa pili ni wa gia za mshazari. Hakuna pleti. Kuna gia nene zimelala kwenye mashimo, zikiuzunguka mhimili. Quaife ya Uingereza na Truetrac ya Eaton zina gia zilizolala sambamba na ekseli. Torsen ya aina ya zamani, iliyotokana na uvumbuzi wa Mmarekani Vernon Gleasman uliopewa hataza mwaka 1958, ina gia zilizokaa kwa kukingama.

Ukoo wa tatu ni wa difu loki, ambazo hazibani kidogo kidogo bali hufunga kabisa. Air Locker ya ARB huitambua kwa njia ya upepo: kuna bomba jembamba na kishikio chenye sili upande mmoja wa beringi. Ukikuta bomba limekatwa, jua kwamba una kazi ya kutafuta vifaa zaidi. Detroit Locker, ambayo nayo ni ya Eaton, haina gia ndogo za kati kabisa. Mahali pake kuna vipande vyenye meno vinavyoshikana na kuachana, na kwenye kona husikika vikigonga. Zipo pia loki ndogo zinazoingia ndani ya kasha la kiwandani, kama Lock-Right na Lokka. Hizi humchanganya mnunuzi kwa sababu kasha linasoma Toyota na kilichomo si cha Toyota.

Jina na umbo ni lazima vikubaliane. Ukiambiwa difu ni ya pleti na ukaona gia za mshazari, hata kama kuna jina limegongwa juu, weka fedha mfukoni. Jina linaweza kugongwa na mtu yeyote mwenye patasi. Tumbo la difu halighushiki kirahisi hivyo.

Hatua ya tatu: hesabu na pima

Baada ya jina, hakikisha inaingia kwenye gari lako. Hesabu meno ya ndani yanayoshika ekseli. Hesabu matundu ya bolti za krauni. Difu ya Toyota ya inchi 8, ambayo ndiyo ya Hilux nyingi, ina meno 30 na bolti 10. Ile ya Land Cruiser ya inchi 9.5 ina bolti 12. Pima upana wa bolti na kipenyo cha mahali pa beringi kwa kifaa cha kupimia, usikadirie kwa macho.

Ukinunua kichwa kizima kama sisi, hesabu pia meno ya krauni na ya pinioni, kisha gawanya. Meno 41 kwa 10 ni 4.1. Gari linalovuta tairi zote nne ni lazima liwe na uwiano mmoja mbele na nyuma. Ukifunga 4.1 nyuma wakati mbele ni 4.3, siku utakayoingiza gia ya nne kwa nne kwenye nchi kavu utavunja kitu.

Kibao cha chuma kwenye gari la Toyota nacho kina msaada. Kwenye mstari wa ekseli kuna herufi na tarakimu: herufi ni ukubwa wa difu, tarakimu mbili za kati ni uwiano, na ya mwisho ni aina ya difu. Lakini kibao kinaeleza jinsi gari lilivyozaliwa, si lilivyo leo.

Jaribio la mkono, na mtego wake

Wengi wanajua jaribio hili. Pandisha tairi zote mbili za nyuma juu ya stendi, weka gia huru, zuia za mbele kwa mawe, achia hendibreki, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Ikiwa nyingine inazunguka kinyume kwa urahisi, kwa kawaida ni difu ya kawaida. Ikiwa inafuata upande ule ule, ni ya kubana au loki.

Mtego upo kwenye difu za gia za mshazari. Nyingi zina mkazo mdogo tu zikiwa hazina mzigo, hivyo kwa mkono zinaweza kuonekana kama za kawaida au kama zilizochakaa. ARB isipotiwa upepo nayo huonekana hivyo hivyo. Na difu ya pleti iliyokwisha kabisa pia. Majibu matatu tofauti, dalili moja. Kwa hiyo jaribio la mkono lisikutume dukani kabla hujaona tumbo.

Angalizo la usalama: usipandishe tairi moja tu kwa jeki ukawasha injini na kuingiza gia. Difu ya kubana itapeleka nguvu kwenye tairi iliyo chini, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Kama una mtu chini ya gari, huyo umempoteza.

Kilichotokea mlimani

Baada ya kujua jina, nikaelewa pia kisa chetu cha mferejini, na hesabu yake ni ya darasa la tatu. Difu ya gia za mshazari huipa tairi yenye mshiko mara kadhaa ya nguvu inayopokelewa na ile inayoteleza. Tuseme mara tatu. Kwenye tope, inayoteleza bado ina mshiko kidogo, na mara tatu ya kidogo hutosha kuliondoa gari. Lakini tairi inayoning'inia hewani haina mshiko wowote, na mara tatu ya sifuri ni sifuri.

Dawa yake haina gharama. Ukivuta hendibreki kidogo huku ukikanyaga mafuta taratibu, ile tairi iliyo hewani hupata kizuizi, na kizuizi hicho huzidishwa upande wa pili. Shemeji alijaribu kwenye mtaro ule ule wiki mbili baadaye, gari likiwa tupu. Lilitoka lenyewe.

Kabla ya kulipa

Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina la kampuni, namba zilizochorwa, ukoo wa difu, idadi ya meno na ya bolti, na kwamba ikionekana si hiyo itarudishwa. Anayekataa kuandika amekwisha kukujibu. Picha ulizopiga mtumie wakala wa kampuni inayotajwa kabla ya kuagiza spea yoyote. Picha ya namba na picha ya ndani hutosha kwa anayeijua kazi yake.

Kwa wenzangu wa mpakani, kumbukeni pia kwamba utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Difu iliyotengenezwa Japani au Marekani haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala Kigoma. Itangazwe kwa jina lake halisi, na risiti iliyoandikwa vizuri itakusaidia hapo pia.

Mimi niliyesoma Mishamo nimezoea kukosewa jina. Kule niliitwa Mrundi kwa kadi yangu, huku sokoni wananiita Mtanzania kwa lafudhi yangu. Mtu anaweza kujieleza. Difu haiwezi, ni wewe unayetakiwa kuisoma.

Zile pleti tuliziuza kwa fundi mmoja wa upande wa pili kwa nusu ya bei. Bati zilingoja mwaka mzima. Difu bado iko chini ya Hilux, imetiwa oili yake, na kwenye daftari la gari ukurasa wa kwanza umeandikwa jina lake, namba yake na idadi ya meno yake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.